Namba Iliyo Ubavuni mwa Tangi: Sheria ya Mabehewa ya Mafuta na Majirani wa Reli Eastlands



Nianzie Makadara, hapa Eastlands, Nairobi. Hapo reli inagawanyika: mkono mmoja unashika njia ya Embakasi hadi Mombasa, mwingine unaelekea Mutindwa, Dandora, Githurai na Thika. Jioni moja nilikuta mabehewa ya tangi yamesimama hapo, meusi kwa masizi. Ubavuni mwa moja palikuwa na kibao cha rangi ya chungwa chenye tarakimu 1203. Nikamuuliza kijana anayeuza viatu vya mitumba, hatua chache tu kutoka relini, hiyo ni namba ya nini.

"Si ni ya behewa, mzee," akajibu huku akipiga kiatu brashi. "Na hizo ziko tupu."

Yote mawili hayakuwa sawa. 1203 ni namba ya petroli katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari, ile ile Nairobi na Rotterdam. Gesi ya kupikia hubeba 1075. Kuhusu utupu, muulize fundi yeyote wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries. Hawezi kugusa pipa la petroli kabla halijaoshwa, kwa sababu mafuta yakitoka mvuke hubaki, ukachanganyika na hewa, ukangoja cheche. Tangi "tupu" linaweza kulipuka vibaya kuliko lililojaa.

Hata hivyo, sheria nyingi za mabehewa haya zimeandikwa kwa ajili ya chuma, si kwa ajili ya majirani. Mfano unaotajwa kila mahali ni Lac-Mégantic, Kanada. Usiku wa Julai 6, 2013, treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliachwa mlimani bila mtu, breki za mkono zikiwa zimefungwa chache mno. Ikateremka yenyewe hadi katikati ya mji, ikaua watu 47. Mwaka 2015 Kanada na Marekani zikatoa viwango vipya: ukuta wa tangi la mafuta ghafi kutoka milimita 11.1 hadi 14.3, pamoja na ngao mbele na nyuma. Sisi pia tunajua mabehewa yanayoteleza. Agosti 2000, mabehewa ya gesi yalirudi nyuma yenyewe, yakalipuka huko Athi River na watu wakafa.

Lakini chuma si jambo ninalotaka tulichukue kutoka Kanada. Miezi minne tu baada ya ajali, Novemba 2013, serikali yao iliamuru kampuni za reli ziwajulishe wasimamizi wa dharura wa miji ni bidhaa gani hatari zinazopita kwao. Agizo hilo halikungoja behewa jipya hata moja kuundwa.

Hapa kwetu Sheria ya Shirika la Reli, Sura ya 397, ilizaliwa 1978, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imevunjika mwaka uliotangulia na kila nchi ikibeba vipande vyake vya reli. Sheria ya Petroli ya 2019 nayo inamtaka msafirishaji wa mafuta awe na leseni. Tanzania imekwenda mbali kidogo kwa kuikabidhi LATRA, mamlaka yake ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, tangu 2019, usimamizi wa reli ikiwa nje ya shirika linaloendesha treni. Hatua nzuri, ila bado ni mazungumzo ya mkubwa na mkubwa. Nimekaa mtaa wa Jericho miaka mingi, na sijawahi kuitwa kwenye baraza la chifu kuambiwa nini kinapita nyuma ya nyumba zetu.

Gharama ya kutojulishwa tunaijua. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kwenye bomba ilifuata mtaro wa maji hadi mtaa wa Sinai, kando ya Lunga Lunga. Watu walitoka na ndoo na mitungi kukinga. Zaidi ya 100 waliteketea. Bomba si behewa, najua, lakini mtaro haulijui hilo: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kufuata mteremko, na mitaro yetu yote inateremka kwenye makazi. Kisha Februari 1, 2024, kituo cha gesi kikalipuka mtaa wa Mradi, Embakasi. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ilieleza kwamba maombi ya kituo kile yalikataliwa mara 3 mwaka 2023. Ofisini walijua. Majirani walijulishwa na moto.

Kuna watakaosema kwamba ukitangaza mafuta unawaita wanyonyaji wa mafuta. Hoja hiyo ina uzito. Mtu wa mtaa kama Mukuru akisikia petroli hatakosa mtungi. Ndiyo maana sipendekezi ratiba za treni zibandikwe ukutani. Kanada nao hawakufanya hivyo. Taarifa iende kwa kikosi cha zimamoto cha kaunti, kwa chifu na kwa wazee wa Nyumba Kumi wa mitaa inayopakana na reli, na wajibu huo wa kujulisha uingizwe katika kanuni za leseni ili asiyejulisha apoteze leseni. Kwa wakazi inatosha wafundishwe kusoma kibao kile cha rangi ya chungwa.

Maana askari wa zamu pale kituo cha zimamoto cha Enterprise Road akipigiwa simu saa nane usiku, anachohitaji kabla ya kuwasha gari ni namba ile. Ikiwa 1203, anabeba povu, kwa kuwa maji matupu yatazama chini ya petroli na kuisambaza hadi mlango wa pili. Ikiwa 1075 na moto unalilamba tangi, anaanza kuwahamisha watu.