Daftari la Wateja Liwe Mali Yako

Msikilizaji, mwenye biashara ndogo anayetafuta programu ya kutunza kumbukumbu za wateja huuliza kwanza bei. Swali zito zaidi ni hili: mtengenezaji akibadili nia, wewe utabaki na nini? Mwaka 2014 kampuni ya SugarCRM ya Marekani, inayotengeneza programu ya aina hiyo, ilitangaza kwamba matoleo yake mapya hayatakuwa huria tena, yaani msimbo wake hautakuwa wazi kwa kila mtu. Waliokuwa wakitumia toleo huria hawakukwama, kwa sababu leseni ilimruhusu yeyote kuuchukua msimbo wake na kuuendeleza. Kampuni ya SalesAgility ya Uskoti ilikuwa imekwisha kufanya hivyo, na SuiteCRM iliyotokana na kazi hiyo ingali inatumika. Kwa programu isiyo huria, njia hiyo haipo.

Wapo watakaosema kwamba huria si bure, na wanasema kweli. Seva hulipiwa, nakala za akiba zinahitaji msimamizi, na programu isiyosasishwa huwarahisishia kazi wezi wa taarifa. Tena sheria, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamtwisha mwenye biashara wajibu wa kulinda taarifa binafsi za wateja, atumie programu yoyote ile. Duka lenye wateja thelathini, kwa maoni yangu, litosheke na jedwali la kompyuta. Lakini wateja wakifika mamia na wauzaji wakawa watatu, gharama ya fundi inastahili kulipwa. Kabla hujaamua, ingiza majina machache ya majaribio, kisha jaribu kuyatoa yote katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Yakigoma kutoka, programu hiyo iache.