MIPAKA HUHAMA, KITABU HAKIHAMI
Mada kwa viongozi wa walei: kutafuta kumbukumbu za ndoa za familia zetu



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei, makatekista na wazee wa vigango,

Katika utume wetu tumempokea mara nyingi mgeni wa namna moja: mama mjane, mwenye kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake cheti cha kifo cha mumewe. Ndugu za marehemu wanadai kwamba hakuwa mke, bali aliishi naye tu. Shamba la kahawa alilolipalilia tangu ujana wake linataka kugawanywa bila yeye, na Mahakama imemtaka alete uthibitisho wa ndoa. Mama huyo analikumbuka kanisa, anamkumbuka padre na wasimamizi. Lakini akiulizwa ndoa ilifungwa wilaya gani, anababaika. Akitaja Songea, anatumwa Songea. Akifika huko, anaambiwa kijiji chake kiko Nyasa. Nauli inakwisha, na haki yake inabaki njiani.

Maandiko Matakatifu yanatusimulia habari kama hiyo. Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, wako watu waliorudi kutoka uhamishoni wakatafuta orodha za ukoo wao, wasizione. Wakaondolewa katika ukuhani. Tangu zamani, kukosa maandishi kumewanyima watu nafasi yao.

Tuangalie basi jinsi mipaka ilivyohama juu ya vichwa vyetu. Tuchukue ndoa iliyofungwa mwaka 1955 katika kanisa la mwambao wa Ziwa Nyasa. Siku ile mahali pale palikuwa Wilaya ya Songea, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Kwa upande wa Kanisa palikuwa chini ya Abasia ya Peramiho, iliyotengwa na Lindi mwaka 1931. Baada ya Uhuru ulikuja Mkoa wa Ruvuma. Mwaka 1969 ikawa Jimbo Katoliki la Songea. Mwaka 1986 likaundwa Jimbo la Mbinga. Wilaya ya Mbinga nayo ilikuwa imekatwa kutoka Songea, na mwaka 2012 mwambao ukatolewa Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay. Wanandoa wale hawakuhama hata hatua moja. Hata neno "jimbo" lenyewe latupoteza: kwa wazee ni utawala wa mkoloni, kwetu ni eneo la Askofu, na kwa wengine ni eneo la Mbunge.

Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na majina ya makazi ya zamani yakasahaulika. Lakini kitabu cha ndoa kwa kawaida hubaki pale kilipoandikwa. Kigango kikipandishwa kuwa parokia, huanza vitabu vipya. Vile vya zamani hubaki katika parokia mama. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe, "Sasa ni wilaya gani?" Liwe hili: "Ni kanisa gani, na mwaka ule lilihudumiwa na misioni ipi?"

Tunapendekeza njia hii.

Kwanza, kabla ya kupanda gari, kaeni na wazee mwandike: majina ya ubatizo na ya ukoo ya wote wawili, majina ya baba zao, wasimamizi wa ndoa, na mwaka. Mwaka usipojulikana, tajeni tukio: kabla ya Uhuru, au wakati wa kuhamia vijijini. Akina Komba, Ndunguru na Kapinga ni wengi mno. Jina la baba ndilo litakalowatofautisha. Kumbukeni pia kwamba wamisionari waliandika mara nyingi kwa Kilatini: Yohane wenu aweza kuwa Joannes.

Pili, kitabu cha ndoa kisipopatikana, tafuteni kitabu cha ubatizo. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, amri ya Kanisa imemtaka paroko apeleke taarifa ya ndoa katika parokia walikobatizwa wanandoa, nayo iandikwe kando ya jina la kila mmoja. Kanuni ya 1122 ya sheria ya mwaka 1983 inadumisha jambo hilo. Ndoa moja, basi, yaweza kuwa na mashahidi watatu wa karatasi.

Tatu, mkiona mmoja wa wanandoa alikuwa Mwanglikana, waulizeni ndugu zetu hao. Kwa miaka mingi mwambao huu ulihudumiwa nao kutoka kisiwa cha Likoma, ng'ambo ya mpaka wa leo.

Nne, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa iandikishwe serikalini pia. Kumbukumbu hizo leo zinatunzwa na RITA, nanyi mwaweza kuanzia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Tusidanganyane kwamba karatasi ndiyo ndoa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 160, inadhania kuwa ndoa ipo pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kuwa mume na mke, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Basi mjane asikate tamaa. Majirani na washaudie. Hata hivyo wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa sisi mapadre tujipige kifua. Wako miongoni mwetu waliochelewa kuandika, wasiopeleka taarifa, au walioacha vitabu viliwe na mchwa. Kanuni ya 487 inampa mwamini haki ya kupata nakala halisi ya hati inayohusu hali yake. Ni haki yake, si hisani ya paroko.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika jumuiya yetu, ni wajane wangapi wasio na cheti cha ndoa, na nani atafuatana nao?
2. Vitabu vya parokia yetu vimehifadhiwa wapi, na katika hali gani?
3. Wazee wanaokumbuka makanisa na vijiji vya zamani ni akina nani? Tumekwisha kuyaandika wanayoyajua?

Mungu awabariki.