Kamba Tano Nyuma ya Kanisa
Hotuba ya walimu wa fidla katika sherehe ya miaka 50 ya kwaya

Tumepewa dakika chache tuseme habari za watoto wa fidla, nasi tutaanza na aibu yetu.

Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile. Watoto walikuwa wamejifunza miezi minne, tukawapa karatasi ya solfa ileile ya kwaya wapige sauti ya kwanza. Juu yake imeandikwa kwamba do ni F. Watoto wakaona herufi d, wakapiga uzi wa D. Kwaya ikaenda huku, fidla zikaenda kule, na mtoto wa mbele akaishusha fidla yake akalia mbele ya ibada nzima. Baada ya hapo watoto 5 hawakurudi. Kosa halikuwa lao. Sisi tuliokulia kwenye solfa tunajua kwamba do huhama ufunguo ukihama, lakini uzi wa D hauhami. Hatukuwa tumewaambia.

Kuwaambia nako hakukutosha. Tulikuwa na fidla 4 kwa watoto 13, na mtoto anayengoja zamu hasikii maelezo ya mtu. Ndipo mama mmoja wa alto akatandaza kamba tano za katani nyasini nyuma ya kanisa, zikawa mistari mitano ya noti. Mmoja anaita jina la uzi, wengine wanaruka. E iko nafasi ya juu, kati ya kamba ya nne na ya tano. A iko nafasi ya pili kutoka chini. D iko nje, chini tu ya kamba ya kwanza. G iko mbali zaidi, kwa hiyo tuliongeza vijiti viwili vifupi, na mtoto husimama chini ya kijiti cha pili. Watoto wakasema G amefungiwa nje ya lango. Hakuna aliyeisahau tena.

Wakishazoea tunaita vidole. "A, kidole cha kwanza!" Hapo ni B, na mguu lazima ukanyage kamba ya katikati. Anayekosea huchukua fidla na kuitafuta noti hiyo kwenye uzi, kwa hiyo wako wanaokosea makusudi. Tunajifanya hatuoni.

Siku za mvua tunaingia ndani na kipande cha katoni chenye mistari mitano na vifuniko vya soda. Mtoto mmoja anapiga uzi akiwa amewapa wengine mgongo, nao wanaweka kifuniko mahali pake kwa kusikia tu. Wazee wa besi walijaribu mchezo huu wakashindwa na watoto wa darasa la tatu. Majina tunayahifadhi.

Lakini ule uliotuponya ni ngazi. Juu ya karatasi ya manila tuliandika herufi za noti kwenda juu, hazisogei. Pembeni kuna ukanda wa katoni wenye d, r, m, f, s, l, t, nao unasogea. Ukiambiwa do ni G, unasogeza d ikae kando ya G, halafu unatazama: m imeangukia B, kidole cha kwanza kwenye uzi wa A. Mtoto husogeza mwenyewe kabla ya kugusa fidla.

Watoto 3 kati ya wale 5 walirudi, waliposikia kelele za kuruka. Wawili bado, wazazi wao wakiwa hapa, tunaomba msamaha, na fidla zipo. Yule aliyelia sasa ndiye anayeita noti.

Baada ya chakula kamba zitakuwa nyuma ya kanisa. Akina mama wa soprano, vueni viatu virefu. Na soda za leo zikifunguliwa, tafadhali msitupe vifuniko.