Mita Moja, Milango Sita: Mpangaji na Gharama Zisizo Zake



Nimeombwa nizungumzie gharama za pamoja katika nyumba za kupanga: umeme, maji, uzoaji taka na hayo mengine yanayojitokeza katikati ya mwezi. Nitakaa zaidi kwenye umeme, maana mashauri mengi yanayoletwa mezani kwenu, wenyeviti na watendaji wa mitaa, yanaanzia hapo. Maji nitayagusa kwa kupita.

Nyumba ninayoizungumzia mnaijua nyote. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, choo na bafu uani, na mita moja ya LUKU ukutani. Iko Manzese, iko Tandika, iko Mwananyamala. Umeme ukikatika saa tatu usiku watu wanatoka milangoni kuulizana ni zamu ya nani kununua. Mchango ni wa chumba: kila mlango elfu tano, au elfu kumi, kadiri mama mwenye nyumba atakavyosema. Mwenye balbu na chaja ya simu anatoa sawasawa na mwenye friji.

Tuone usawa huo una thamani gani. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku haimalizi yuniti moja na nusu kwa mwezi. Ongeza televisheni ya wati 60 kwa saa hizo hizo tano, yuniti 9. Ongeza feni ya wati 50 inayozunguka saa nane usiku kucha, yuniti 12. Mpangaji huyu, ambaye kwa maisha ya uswahilini hajajinyima, amefika yuniti 22 au 23. Jirani yake mwenye vitu hivyo hivyo pamoja na friji inayokula yuniti moja mpaka moja na nusu kwa siku, na pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa kila asubuhi, anavuka 65 bila shida. Mmoja anatumia karibu mara tatu ya mwenzake, na mchango ni ule ule. Halafu tunashangaa kwa nini watu wanafichana hita za maji chini ya kitanda.

Lakini huo ndio upande mdogo wa tatizo. Upande mkubwa hauna mwizi wala mchoyo ndani yake, na ndiyo maana hausemwi.

Kwa viwango vya TANESCO vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake kwa wastani hayazidi yuniti 75 kwa mwezi anawekwa kundi la D1, ambalo yuniti moja ni shilingi 100. Anayezidi hapo yumo kundi la T1, shilingi 292 kwa yuniti. Juu ya bei hizo huingia kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Kwa hesabu hiyo yuniti ya D1 inamfikia mtu kwa shilingi 122, ya T1 kwa shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana elfu moja ya mtu wa D1 humpa yuniti 8.2, na elfu moja ya mtu wa T1 humpa 2.8. Unafuu huu uliwekwa kwa ajili ya mnyonge, na ni jambo jema.

Sasa rudini kwenye nyumba yetu. Tuseme kila chumba kinatumia yuniti 30 kwa mwezi. Chumba hicho kingekuwa na mita yake katika kundi la D1, kingelipa shilingi 3,660. Vyumba sita kwenye mita moja vinatumia yuniti 180, na mbele ya TANESCO hiyo ni nyumba moja yenye matumizi makubwa. Inalipa bei ya T1, jumla shilingi 64,123, ambayo ni shilingi 10,687 kwa kila chumba. Kila mlango unalipa shilingi elfu saba na ushei zaidi, kila mwezi, kwa sababu tu mita iko moja. Watu sita wenye kipato kidogo wamekusanywa wakaonekana tajiri mmoja.

Nawaomba wenye nyumba waichukue hesabu hii mpaka mwisho. Nyumba hiyo inapoteza shilingi 42,000 na zaidi kwa mwezi. Kuunganishiwa umeme mjini, kwa aliye ndani ya mita 30 na asiyehitaji nguzo, kulirudishwa kwenye shilingi 320,960 mwaka 2022. Wala hazihitajiki mita sita. Zikiwa tatu, vyumba viwili kwa kila mita, kila moja itasoma yuniti 60 na kubaki chini ya 75. Mita mbili za nyongeza ni shilingi 641,920, na fedha hiyo inarudi ndani ya miezi kumi na sita. Mwenye nyumba anayesema hana uwezo anaweza kukaa na wapangaji wake wakakubaliana wagharimie wao na fedha hiyo ikatwe kwenye kodi ya pango. Mimi sijaona sababu ya msingi ya kukataa mpango huo, isipokuwa pale ambapo mwenye nyumba mwenyewe ananufaika na giza lililopo.

Na wapo wanaonufaika. Hapa naingia kwenye makosa yenye mwenyewe.

La kwanza ni mzigo wa mwenye nyumba kuning'inizwa kwenye mita ya wapangaji. Pampu ya kisima ya nguvu ya farasi moja huvuta karibu kilowati nzima. Ikisukuma maji saa mbili kwa siku, imekula yuniti 60 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 21,000 kwa bei ya T1. Kama maji yale yanatumiwa na wapangaji peke yao, haya, ni gharama yao. Lakini mara nyingi kisima hicho hicho kinauza maji kwa ndoo mtaa mzima, fedha inaingia mfuko mmoja na umeme unatoka mifuko sita. Iko pia fremu ya mbele, saluni au duka la vinywaji, iliyovutiwa waya kutoka ndani. Ziko taa za ukuta na geti zinazowaka mpaka mchana.

Kulijua hili hakuhitaji mhandisi. Kwenye uso wa mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyopita. Upesi wa kupepesa ni wingi wa matumizi. Wapangaji wote wakubaliane, kila mmoja azime na kuchomoa vyake, kisha wakae mbele ya mita dakika kumi. Kitaa kikiendelea kupepesa, kuna waya unaokwenda kusikojulikana. Aitwe fundi mwenye leseni aufuate, na mjumbe awepo ashuhudie. Tafadhali msiruhusu mpangaji akate waya mwenyewe, hata akiwa na haki. Hapo kesi itageuka na yeye ndiye atakayeshtakiwa.

La pili ni mita ndogo, hizo mafundi wanazoziita sabmita. Ni dawa nzuri ya ugomvi wa nani katumia nini, ingawa haigusi suala la D1 na T1, maana mita kubwa inabaki ile ile moja. Kasoro huja pale mwenye nyumba anapoigeuza duka. Akinunua yuniti kwa shilingi 356 na kumuuzia mpangaji kwa 500, amejiongezea shilingi 144 kila yuniti kwa kazi ya kusoma namba tu. Fedha zinazokusanywa kwa wapangaji wote hazipaswi kuzidi zilizolipwa TANESCO. Zikizidi, hiyo si gharama ya pamoja, ni kodi ya pili ya pango.

La tatu linawahusu wapangaji wengi kuliko yote, nalo lililetwa na sheria. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Serikali ilipata njia rahisi ya kukusanya, na sina ugomvi na urahisi huo. Lakini kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji, na ndiye anayekatwa.

Chukulieni aliyehamia chumba chenye mita yake ya kundi la T1, ambacho kilikaa wazi miezi mitano. Siku ya kwanza ananunua umeme wa shilingi 10,000. Mashine inakata kwanza malimbikizo ya 7,500, anabaki na 2,500, anapata yuniti 7 wakati alitarajia 28. Anapiga simu TANESCO, anaambiwa ni kodi. Anamwendea mwenye nyumba, anaambiwa "mwenye LUKU ndiye anayelipa". Kumbe Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua kwamba mtu mwenye maslahi katika malipo fulani, akilipa fedha ambayo mwingine ndiye aliyepaswa kisheria kuilipa, ana haki ya kurudishiwa na huyo mwingine. Mpangaji aliyelipa kodi ya jengo ili taa iwake yumo humo. Atunze ujumbe wa manunuzi unaoonyesha makato, ajumlishe, na akate kwenye kodi ya pango kwa makubaliano ya maandishi. Shilingi 18,000 kwa mwaka inaonekana ndogo kwa aliyeketi hapa leo. Kwa anayelipa chumba shilingi 40,000 kwa mwezi, ni karibu nusu ya kodi ya mwezi mzima.

Kwenye maghorofa ya Kariakoo na Upanga sura ni nyingine: lifti, jenereta, walinzi, usafi wa ngazi. Huko mpangaji huletewa jumla moja isiyo na mchanganuo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo iliweka utaratibu wa vyama vya wamiliki kusimamia maeneo ya pamoja, lakini mpangaji si mmiliki, na katika vikao hivyo hana kiti. Haki yake ni kudai mchanganuo.

Kwa nini mambo haya hayana pa kwenda? Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na mahusiano ya pango yakaachiwa zaidi mkataba. EWURA inasikiliza malalamiko ya mteja dhidi ya mtoa huduma. Mpangaji ambaye mita haina jina lake si mteja, na aliyemkosea si TANESCO. Mabaraza ya kata siku hizi yamebaki na usuluhishi. Lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini nani atafunga kibanda chake siku tatu akadai shilingi elfu saba? Kwa hiyo shauri linabaki kwenu, ofisi ya mtaa, na kwenu linaamuliwa kwa karatasi moja tu: mkataba. Mikataba mingi niliyoisoma ina aya mbili juu ya tarehe ya kulipa na haina mstari hata mmoja juu ya mita.

Wenzetu walilitungia sheria. Ujerumani, tangu mwaka 1981, gharama za kupasha nyumba joto lazima zigawiwe kwa kipimo kwa kati ya asilimia 50 na 70. Zisipopimwa, mpangaji anaruhusiwa kupunguza fungu lake kwa asilimia 15. Na mwenye nyumba asiyeleta mahesabu ya gharama ndani ya miezi kumi na mbili baada ya mwaka wa hesabu kwisha, kwa kawaida amepoteza haki ya kudai nyongeza. Katika jimbo la Illinois, Marekani, mwenye nyumba yenye mita moja hawezi kudai mchango wa mpangaji kabla hajampa kwa maandishi kanuni ya mgawanyo, na jumla ya michango haitakiwi kuzidi ankara. Hakuna kati ya haya kinachohitaji utajiri wa Ujerumani. Karatasi na kalamu vinatosha.

Niseme pia upande wa pili, nisije nikaonekana nimetumwa. Wenye nyumba nao wanaumizwa. Mpangaji anahama usiku na ankara ya maji ya miezi mitatu inabaki na jina la mzee wa watu. Mwingine anapikia jiko la umeme usiku, mchana hataki kuchangia. Mkataba unaotaja gharama unamlinda mzee huyo vilevile.

Msimamo wangu ni huu. Umeme wa chumbani ulipwe kwa kipimo. Taa za ukumbi na choo, kwa usawa wa milango. Maji na gari la majitaka, kwa idadi ya watu, kwa sababu mwenye watoto watano na kapera hawalingani bafuni. Pampu inayouza maji na fremu ya biashara, kwa mwenye faida. Kodi ya majengo, kwa mwenye jengo, hata ikikatwa kwenye LUKU ya mtu yeyote.

Waheshimiwa wenyeviti, mikataba mingi ya kupanga inapita mezani kwenu kugongwa muhuri. Naomba kuanzia mwezi ujao msigonge muhuri mkataba usiotaja namba ya mita, vitu vinavyolishwa na mita hiyo, kanuni ya mgawanyo, na nani anabeba kodi ya majengo. Mpangaji na mwenye nyumba waambiwe wakayaandike, kisha warudi.