Msaada wa Japani kwa Uchina: Mkopo au Fidia?

Mwezi Machi 2022 Japani ilihitimisha msaada wa maendeleo ilioanza kuipatia Uchina mwaka 1979, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mikopo nafuu, yaani fedha zinazorejeshwa kwa riba ndogo na kwa miaka mingi. Kwanza, ikumbukwe kwamba mwaka 1972 Uchina iliacha kudai fidia ya vita, na ndiyo maana baadhi ya Wachina waliiona mikopo hiyo kuwa fidia iliyopewa jina jingine.

Kwa upande wa pili, Wajapani walihoji sababu ya kuisaidia nchi iliyokuwa ikifanya majaribio ya nyuklia, na mwaka 1995 serikali yao ikasitisha sehemu kubwa ya msaada usiorejeshwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifuti ukweli kwamba viwanja vya ndege na reli vilijengwa Uchina kwa mikopo hiyo, na kampuni za Japani nazo zikapata soko kubwa.

Suala hili linamgusa pia msikilizaji wa Mombasa, ambako bandari imepanuliwa kwa mkopo wa Japani, na reli mpya imejengwa kwa mkopo wa Uchina, mkopaji wa jana aliyegeuka mkopeshaji. Je, mwananchi anayelipa madeni hayo ana sauti gani katika ushindani wa mataifa hayo mawili?