Mbwa wa Chama ni wa Nani?

(Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Mkaguzi afikapo katika chama cha msingi huomba vitabu: kitabu cha fedha, leja, stakabadhi za ununuzi, hati za malipo, daftari la mali na muhtasari wa mikutano. Katika daftari la mali huona mizani, meza, viti, kabati la chuma, maturubai na magunia. Lakini iko mali moja ambayo humlaki langoni kwa kelele kabla katibu hajamkaribisha, nayo aghalabu haimo katika daftari lolote. Mali hiyo ni mbwa.

Swali la kwamba mbwa huyo ni wa nani huonekana dogo, hata la mzaha. Hata hivyo likiulizwa, majibu hayalingani. Mlinzi husema ni wa chama. Katibu husema ni wa mlinzi. Mwenyekiti husema alikuja mwenyewe angali mdogo, akabaki kwa sababu ya makombo. Basi mbwa hulala katika ghala la chama, hula anachookota, na huuma kwa niaba ya watu ambao hakuna hata mmoja wao anayemkiri.

Chukueni mfano. Ni siku ya ununuzi wa pamba. Wakulima wamepanga foleni tangu alfajiri. Mlinzi alimfungua mbwa usiku, na asubuhi akaenda zake bila kumfunga. Mzee mmoja, mwanachama wa miaka mingi, ameinama karibu na mlango wa ghala akifungua gunia lake. Mbwa, ambaye hakufundishwa kumtofautisha mwizi na mwenye mali, anamrukia na kumwuma kigimbini. Watu wanamfukuza kwa mawe. Katibu anatoka, anatazama, anasema, "Pole sana mzee wangu, ni mchubuko tu." Mzee anajifunga kitambaa, anapima pamba yake, anapokea stakabadhi na kurudi nyumbani.

Siku chache baadaye mbwa yule anaonekana akitokwa na udenda na kuyumba, kisha haonekani tena. Hakuna anayemtafuta, maana hana mwenyewe. Ndipo mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa shule ya msingi, anapouliza kama mbwa yule alichanjwa. Hakuna ajuaye. Mzee anakwenda kuomba msaada wa nauli na gharama za sindano. Kamati inakutana. Wajumbe wanasema chama hakina mbwa, na daftari la mali linathibitisha hivyo. Kwa karatasi kamati imeshinda. Lakini mzee ni mwenye hisa. Ameumwa mahali pake mwenyewe, siku ya kuuza mazao yake, na mnyama aliyewekwa ili kuyalinda mazao hayohayo. Na wakati wajumbe wanabishana, siku za sindano zinapita. Kichaa cha mbwa hakisubiri akidi ya mkutano.

Yafaa kila katibu aujue ugonjwa huu kama anavyoujua ukurasa wa leja. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kwa jeraha la meno au hata kwa mate yaliyogusa mchubuko, kisha husafiri polepole kufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma kadhaa au miezi, nayo ndiyo humdanganya aliyeumwa, maana kidonda hupona na mtu husahau. Lakini dalili zikishaanza, yaani homa, muwasho mahali pa kidonda, kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika vifo 99 kwa kila 100 chanzo ni mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga yake ni ya zamani. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister huko Ufaransa mwezi Julai 1885, na mtoto huyo aliyeumwa na mbwa akapona. Kwa hiyo mtu afaye leo kwa ugonjwa huu hafi kwa kukosekana kwa elimu ya tiba duniani, bali kwa uzembe, umbali au umaskini.

Mtu akiumwa, jambo la kwanza si kamati wala waganga wa kubahatisha. Kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kisipakwe pilipili, mafuta wala majivu. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, akaanze sindano na kuzimaliza zote kwa tarehe atakazopewa. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kushikwa kwa salama, afungiwe na kuangaliwa siku 10, na bwana mifugo aarifiwe. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate alipouma ataugua au kufa katika siku hizo. Akibaki mzima, hakumwambukiza mtu huyo. Ndiyo sababu ni kosa kumwua mbwa papo hapo kwa hasira na kumzika, maana pamoja naye huzikwa habari ambayo daktari angeihitaji. Lakini sindano zisisubiri siku hizo 10 zipite.

Madhara hayaishii kwa binadamu. Wafugaji wa mbuzi na kondoo wanaujua ugonjwa wa kizunguzungu, ambapo mnyama huzunguka mahali pamoja, huinamisha kichwa upande mmoja na hatimaye huanguka. Chanzo chake ni tegu akaaye katika utumbo wa mbwa. Mbwa hunya malishoni, mayai ya tegu hushikamana na majani, mbuzi huyala, na uvimbe wa maji huota ubongoni mwake. Mbuzi huyo akichinjwa na kichwa chake kikatupiwa mbwa, mzunguko huanza upya. Tegu wa aina nyingine wa mbwa huota vivimbe vya maji katika ini na mapafu ya binadamu. Basi mwanachama anayerusha matumbo mabichi nje ya machinjio "ili mbwa nao wale" huwa anapanda ugonjwa katika malisho ya jirani yake. Masalio hayo yazikwe au yachomwe.

Iko pia hasara ya wazi. Mbwa wanaoachwa kuzurura usiku hukutana, na wakishakuwa kundi hufanya ambalo mbwa mmoja hathubutu. Asubuhi mama mjane hukuta mbuzi wake wawili wameraruliwa. Nyumba ya pili mbwa amelala kivulini, mdomo una damu, na mwenyewe anaapa kwamba mbwa wake hatoki nje. Ugomvi wa namna hiyo huingia hadi katika mkutano mkuu. Huanza kwa mbuzi na huishia kwa wanachama wawili wasiokubali kuketi katika kamati moja. Chama hujengwa kwa kuaminiana, na mbwa asiye na mipaka aweza kubomoa kilichojengwa kwa misimu kumi.

Wengine hudhani kwamba mlinzi mwema ni mbwa mkali, na kwamba ukali huongezwa kwa kumfunga mchana kutwa, kumpiga na kumnyima chakula. Hayo si kweli. Mbwa mwenye njaa huacha lindo na kwenda kutafuta jalala. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi juani hujaa hofu na ghadhabu, na akifunguliwa humwuma yeyote aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto. Mbwa mwema ni yule anayebweka kwa mgeni na kunyamaza kwa neno la mwenyewe.

Mafunzo yake hayahitaji chuo. Mtoto wa mbwa huanza kuzoea ulimwengu katika majuma yake ya mwanzo, hasa kati ya juma la 3 na la 14. Akizoeshwa wakati huo kuona wazee, watoto, baiskeli, mifugo na watu wenye mizigo, hataviogopa akikua. Na mbwa asiye na hofu haumi ovyo. Afundishwe maneno machache: "njoo," "kaa," "acha." Neno liwe lilelile kila siku, na watu wote wanaomtunza walitumie hilohilo. Akitii, apewe kipande cha chakula au sifa papo hapo. Akicheleweshewa hajui analipwa kwa lipi. Kumpiga kwa kosa la asubuhi wakati wa jioni ni kumfundisha kumwogopa bwana wake, si kuacha kosa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo. Asiyefunzwa na mwenyewe hufunzwa na mawe ya wapita njia, na mafunzo ya mawe ni kuuma kabla ya kupigwa.

Watoto nao wafundishwe. Wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wakifuatwa na mbwa wasikimbie wala kumkazia macho, bali wasimame kimya, mikono ikiwa ubavuni, mpaka aondoke.

Husikika kauli kwamba dawa ni kuwaua mbwa wote wanaozurura. Kauli hiyo ni nyepesi kusema, lakini matokeo yake hayajengi. Mbwa wakiuawa, wengine huja kutoka vijiji jirani kushika nafasi yao na makombo yao. Na aghalabu wanaouawa kwanza ni wale wapole wanaoshikika, ambao huenda ndio waliochanjwa. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja mbwa wapatao 70 kwa kila 100, kila mwaka, wakiwemo watoto wa mbwa. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliukata ugonjwa ifikapo mwaka 2014. Uchanjaji ulipolegea, ugonjwa ulirudi mwaka 2016, na ikabidi kazi ianzwe tena mpaka ulipokatwa mara ya pili mwaka 2018. Somo la Pemba ni kama somo la vitabu vya hesabu: mwaka mmoja wa uvivu hufuta kazi ya miaka minne. Mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu yeyote kwa kichaa cha mbwa. Lengo hilo halitafikiwa katika kumbi za mikutano ya mataifa. Litafikiwa katika uwanja wa ghala ambamo bwana mifugo ameweka sanduku lake la baridi na wanachama wameleta mbwa wao kwa kamba.

Kwa hiyo vyama vya msingi vyahimizwa kupeleka mapendekezo yafuatayo katika mikutano yao.

Kwanza, kamati iamue wazi kama chama kina mbwa au hakina. Kikiwa naye, aandikwe katika daftari la mali, pamoja na tarehe ya chanjo, na cheti chake kitunzwe na katibu. Kama hakina, asilale ghalani.

Pili, chakula na chanjo ya mbwa wa chama viwekwe katika makisio ya mwaka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nchini Tanzania humtaka mwenye mnyama amtunze. Chama nacho kikifuga ni mwenye mnyama kama mwingine.

Tatu, mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mtunzaji wake. Siku za ununuzi mbwa afungwe mbali na foleni kabla lango halijafunguliwa, na mlinzi asiondoke mpaka amefanya hivyo.

Nne, mwanachama afugaye mbwa amfunge au amzingie mchana, amchanje kila mwaka, na amhasi kama hakusudii kumzalisha. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wanaotupwa sokoni leo ndio kundi la mwakani.

Tano, kila ghala liwe na sabuni na maji, na mwanachama akiumwa katika eneo la chama apelekwe hospitali kwanza. Suala la nani alipe lijadiliwe baadaye, naye akiwa amekwisha kuchomwa sindano.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya mbwa si kazi ya ushirika. Wakumbuke kwamba mwaka 1995, mjini Manchester, Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani uliitia kujali jamii katika kanuni saba za ushirika. Jamii hiyo ndiyo huyo mzee mwenye gunia, huyo mjane mwenye mbuzi wawili, na huyo mtoto apitaye mbele ya ghala akienda shule.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbwa asiye katika daftari naye hupotea bila habari, isipokuwa habari aliyoiacha katika kigimbi cha mwanachama. Makatibu warudipo vyamani mwao, kabla ya kufungua kabati na kutoa leja, wasimame kidogo langoni, wamtazame yule anayewabwekea, na waulize kwa sauti: huyu ni wa nani? Likipatikana jina, liandikwe siku hiyohiyo.