Linux ikipotea, musiformati mashine

Mashine yako iko na Windows na Linux ya Ubuntu. Siku moja inawaka Windows tu. Linux haijafa! Mara nyingi ni Windows imejiweka mbele. Mutu akisema "tuformati", mukatae: hapo ndipo TFC na picha zenu zitapotea kweli.

Kama Windows iko na BitLocker, kwanza muandike ufunguo wake wa tarakimu 48. Kisha muzime, muwashe, mufinye F2, F12 ao Esc kufuatana na mashine, muweke Ubuntu mbele. Ikikataa, muwashe kwa flashi ya Linux, mukopie faili kwenye diski ingine, ndipo murudishe GRUB.

Faili ni zenu. Mujifunze kuzilinda, mufundishe na jirani.